Shahidi wa Nyumba ya Mierezi

Kaunti yetu hugawa ruzuku mara moja kwa mwaka, mwezi wa Novemba, msimu wa kuwinda paa. Mashirika yote madogo ya huduma za jamii huenda mbele ya kamati kujieleza: wanaowapelekea wazee chakula majumbani, wanaowasafirisha wagonjwa wa figo, ghala la chakula la kanisa la Kilutheri, na sisi wa Nyumba ya Mierezi, tunaowahifadhi wanawake waliokimbia vipigo. Bila ruzuku ile, Verna Halvorsen, mkurugenzi wetu, angefunga mlango kabla ya Krismasi.

Mwaka ule kamati iliongeza jambo jipya: kila shirika lilete mtu aliyesaidiwa, aseme mwenyewe. Verna alimpigia simu mwenyekiti, Orrin Teague, akiwa amesimama jikoni, nami namenya viazi. Sauti ya Orrin ilisikika mpaka kwangu.

"Orrin, nyumba yetu ni ya siri. Hata ndugu zangu hawajui iko wapi. Sasa nimlete mtu mbele ya ukumbi mzima?"

"Si lazima, Verna. Ila mtapoteza alama, na mwaka huu waombaji ni wengi. Ripoti zenu tumesoma mpaka macho yanauma. Watu wanataka kumwona mtu."

"Hawa si wanyama wa maonyesho."

"Mimi nimekwambia tu."

Alipokata simu tulimkuta Jolene Bakke amesimama mlangoni. Alikuwa amekuja kwetu Septemba, akimkimbia mumewe, Curt, kifundo cha mkono kimevunjika, amembeba bintiye Wren aliyekuwa bado na nguo za kulalia.

"Nitakwenda mimi," akasema.

"Hapana," Verna akamjibu papo hapo.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Curt yuko mji huuhuu, anakutafuta. Kaa hapa, unyamaze, upone."

Jolene akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. "Miaka yote ile Curt alikuwa ananiambia hivyohivyo. Ninyamaze. Leo na wewe?"

Nikaacha kumenya. Verna alivuta kiti, akakaa, akautazama ule mkono uliokuwa kwenye plasta.

"Basi kamera izimwe," akasema hatimaye. Vikao vya kaunti hurushwa moja kwa moja mtandaoni. "Jina lisitajwe. Na Marit atakaa karibu na mlango, gari tayari."

Marit ni mimi.

Siku ya kikao theluji ilianza kuanguka tangu asubuhi. Ukumbi wa mahakama, ambamo kamati hukaa, ulijaa, watu wamevaa makoti ya rangi ya chungwa ya uwindaji kwa sababu walikuwa wanatoka porini au wanakwenda. Karani alizima kamera, akatuonyesha kwamba taa yake imezimika. Nikavuta pumzi. Nikajiambia tumeziba kila tundu.

Hatukufikiria mtu mmoja. Ghala la chakula la kanisa nalo lilikuwa linaomba ruzuku, na mmoja wa akina mama waliokuja kulitetea alikuwa Arlene Bakke, mama yake Curt. Alikuwa ameketi safu ya mbele yangu, kofia ya sufu magotini. Jolene alipoingia na Verna kupitia mlango wa pembeni, nilimwona Arlene akishtuka. Akatoa simu. Akaandika kitu kifupi, akairudisha mkobani.

Kwanza nilijidanganya kwamba labda anaandika habari za kanisa. Nilipoinuka nikamwambie Verna, Jolene alikuwa ameshafika kwenye kipaza sauti, na macho yake yamekutana na ya mama mkwe wake.

Orrin akakohoa. "Karibu, dada. Usiogope."

"Siogopi," Jolene akasema. Kisha akaanza. Hakutazama kamati hata mara moja. Alikuwa akisema na mtu mmoja tu, mwanamke wa kofia ya sufu. Alisimulia jinsi mumewe alivyokuwa akificha viatu vyake vya baridi ili asitoke nyumbani. Alisimulia usiku aliovunjwa mkono, mlango wa gereji ulivyoshushwa juu ya mkono huo kwa makusudi. Akasema, "Jumapili iliyofuata tulikula kwa mama yake. Aliniuliza mkono umefanyaje. Nikasema nimeteleza. Alijua sikuteleza. Alinikatia nyama kwenye sahani, hakuniuliza tena."

Mabega ya Arlene yalianza kutikisika kwa kilio. Ghafla akageuka nyuma, akanishika mkono, kucha zikaniingia. Sijui alinijuaje, labda aliwahi kuniona na Verna mjini.

"Mtoeni," akaninong'oneza. "Nimemwandikia Curt. Nilimwandikia kabla sijamsikia. Aliniambia huyu mwanamke kamwibia mtoto, nami nikamwamini, ni mwanangu. Yuko kiwanda cha mbao. Atakuwa njiani. Mtoeni sasa hivi!"

Nilipita katikati ya ukumbi, nikaruka miguu ya watu. Nikamshika Jolene kiunoni, nikamwambia sikioni, "Anakuja." Hakuuliza nani. Tulitoka kwa mlango wa makarani huku Orrin akiita, "Jamani, kuna nini? Hajamaliza!"

Gari langu lilikuwa limefunikwa na theluji. Jolene alijilaza sakafuni nyuma ya kiti, nikamtupia blanketi. Nikapangusa kioo kwa kiwiko, tundu la kuonea tu, nikawasha. Ndipo nikaiona pikapu nyeusi ikiingia uwanjani kwa kasi, ikiyumba kwenye barafu. Curt alishuka akaacha mlango wazi.

Arlene alikuwa ameshatoka, kichwa wazi, bila koti. Alisimama juu ya ngazi akatandaza mikono.

"Yuko wapi, mama?"

"Hupiti."

"Toka hapo! Wewe mwenyewe si umeniita?"

"Nimekuita, ndiyo. Mungu anisamehe. Sasa nasema hupiti. Nipige na mimi, watu wote wakuone."

Watu wa makoti ya chungwa walikuwa wanatoka mmojammoja, wakasimama nyuma yake, na askari wa mahakama akapenya akafika mbele. Sikungoja. Nilipita nyuma ya pikapu polepole, kana kwamba ni mtu anayekwenda dukani.

Tulipofika barabara kuu nikamwambia Jolene anaweza kukaa. Akakataa.

"Sikumaliza," akasema kutoka sakafuni.

"Basi malizia kwangu."

Akanisimulia yaliyobaki, njia nzima, barabara ikiwa nyeupe kwa theluji, bila kulia.

Yaliyotokea ukumbini Verna alinieleza baadaye. Orrin alimuuliza shahidi wake amekimbilia wapi. Verna akainuka. "Amekimbia, bwana mwenyekiti, kwa sababu mlitaka kumwona mtu. Mumewe yuko hapo nje, askari amemfunga pingu. Mkitaka kuona zaidi, chungulieni dirishani." Akakaa. Hakuomba kitu kingine.

Ruzuku tuliipata, ingawa ilipunguzwa, tukafunga vyumba viwili vya juu mpaka majira ya kuchipua. Lile jambo la kuleta mashahidi kamati ililiondoa bila kelele. Orrin alikuja kumwomba Verna radhi. Verna alimpa kahawa, hakumpa msamaha siku hiyo.

Jolene na Wren walihamia jimbo lingine wiki ileile. Arlene alitoa ushahidi dhidi ya mwanawe, na kanisani wapo mpaka leo wasiokaa benchi moja naye. Kabla ya Pasaka alinikuta nje ya posta, ameshika koti dogo la msichana, bado lina lebo ya duka.

"Siulizi wako wapi," akasema. "Nauliza tu kama litamtosha Wren."

Nikamwambia siwezi kulichukua. Akalikunja vizuri, akaliweka kwenye gari lake, akaondoka.