Kamera Mbili Mezani kwa Bi Shimodaira

Mume wangu Seigo alizaliwa na ubishi, na ubishi wake mkubwa kuliko wote ni wa kamera. Kwake yeye kamera ni ile yenye kioo tumboni, kioo kinachoruka juu ukibonyeza kitufe, ikalia kacha! kama mlango wa kabati. Hizi za siku hizi zisizo na kioo, ambazo ukichungulia unaona skrini ndogo, huziita televisheni. "Mimi napiga picha watu," husema. "Televisheni ninayo sebuleni."

Mwezi wa kumi kamera yake ilimponyoka kwenye ngazi za mawe za hekalu letu, ikabingirika mpaka chini, ikafa. Lenzi ilipona kwa sababu alikuwa ameivua kuipangusa. Nilimpa pole ya mdomo. Moyoni nilishukuru, na miungu wa pale hekaluni wanisamehe.

Seigo amewapiga picha watoto wa mtaa wetu hapa Ueda kwa miaka thelathini, kila mwezi wa kumi na moja, pale wanaotimiza miaka mitatu, mitano na saba wanapovikwa nguo za fahari na kupelekwa hekaluni. Hatozi hata yeni moja. Lakini kwa miaka miwili sasa picha zake zimeingia ukungu. Taa ya mawe nyuma ya mtoto inaonekana wazi, mti unaonekana wazi, mtoto mwenyewe ni mvuke wa chai. Analenga kwa mkono, kwa lenzi yake ya ujanani, maana kuiachia mashine ilenge anaona ni uvivu. Na macho yake yameanza kufa pale katikati. Hakuniambia. Niliiona kadi ya kliniki ya macho ndani ya koti lake nilipokuwa nikilipeleka kwa dobi, nikairudisha mfukoni palepale. Yeye alinyamaza ili asinisumbue, nami nikanyamaza ili nisimfedheheshe. Tukaishi hivyo, wajinga wawili, kila mmoja akimhurumia mwenzake kimyakimya.

Majirani nao walikuwa vivyo hivyo. Mtaani kwetu hakuna mtu atakayekuambia usoni kwamba zawadi yako ni mbovu. Bora ameze kidole. Seigo akipeleka bahasha ya picha, wazazi huipokea kwa mikono miwili, wakainama, wakasema, "Jamani, ametoka vizuri." Wiki haiishi wameleta matufaha kama shukrani. Kadiri ukungu ulivyozidi ndivyo na matufaha yalivyozidi, maana aliyepewa picha mbovu anaogopa isije ikaonekana kuwa hakupendezwa. Seigo akavimba kichwa. "Umeona? Mwaka huu akina Kuwabara wameleta masanduku mawili." Nami nikamenya matufaha, nikanyamaza.

Hao akina Kuwabara ni majirani zetu wa ukuta kwa ukuta. Mwaka jana, baada ya Seigo kumpiga picha mtoto wao wa kiume, mama yake alimvika tena zile nguo akampeleka studio ya mji mwingine kwa siri. Nilikutana nao kituo cha treni. Tuliinamiana, kila mtu akajifanya anakwenda kununua mboga. Mwaka huu zamu ilikuwa ya dada yake, Chiharu, anayetimiza miaka saba, na mama alishakuja kubisha hodi: "Mzee Seigo, tunakutegemea wewe."

Mtoto hatimizi miaka saba mara mbili. Nilijua Seigo akimpiga picha kwa macho yale na kwa namna yake ileile, atamharibia mwana wa watu siku yake, na mama wa watu atasema asante. Nilijua pia kwamba atakayemwambia Seigo ukweli atamvunja, maana picha hizo ndizo zinazomwamsha asubuhi tangu astaafu. Kwa hiyo kamera ilipokufa, nilipiga simu duka moja la kamera mjini Nagano nikamweleza kila kitu muuzaji, Bi Shimodaira, ambaye kwa sauti tu angeweza kuwa mjukuu wangu.

"Mlete, mama," akasema. "Ila usimwambie kitu. Tumwache achungulie mwenyewe."

Jumamosi tukapanda treni. Bi Shimodaira alitandaza kitambaa cheusi juu ya meza akaweka kamera mbili ubavu kwa ubavu, yenye kioo na isiyo na kioo. Seigo hakuitazama ya pili. Aliinyanyua ile yenye kioo, akaipima uzito, akabonyeza. Kacha! Akatabasamu kama aliyekutana na rafiki wa shule.

"Hii ndiyo kamera," akasema. "Nzito. Ukiishika unajua umeshika kitu."

"Ni kweli, mzee," Bi Shimodaira akasema. "Na ukichungulia unaona mtu mwenyewe, mwanga wenyewe, hakuna cha umeme katikati. Betri yake inadumu siku nzima. Hii nyingine ni nyepesi na haipigi kelele, lakini kwa betri ni mlafi, lazima utembee na ya akiba."

"Umesikia, Mama? Mlafi."

"Nimesikia," nikamwambia. "Nimeishi na mlafi miaka arobaini na moja na sijafa."

Yule binti aliinama kuficha kicheko. Kisha akaomba ile lenzi ya Seigo, akaisifu kwa dhati, si kwa adabu tu, maana aliigeuzageuza kwenye mwanga muda mrefu. Aliifunga pete ya kuiunganisha na kamera isiyo na kioo. "Hutalazimika kuiacha lenzi yako, mzee. Inafaa huku na huku. Nijaribie tu hii, kwa ajili yangu. Mlenge mama pale dirishani."

"Televisheni," Seigo akanung'unika, lakini mteja mwenye adabu hawezi kukataa ombi la namna hiyo. Akaweka jicho. Bi Shimodaira akanyoosha kidole akabonyeza kitufe kimoja kidogo, kile kinachokuza sura ndani ya kitundu cha kuchungulia. "Zungusha pete ya lenzi polepole," akasema. "Ukifika penyewe, kingo za uso zitakuwa nyekundu."

Seigo akazungusha. Mkono ukasimama. Nikangoja mlio, nikasahau kwamba hiyo hailii.

"Mama," akasema bila kutoa jicho.

"Naam."

"Usitikisike." Akazungusha pete nukta nyingine. "Hizi mvi za lini?"

"Zipo siku nyingi."

"Na hapa chini ya jicho. Hilo doa."

"Mafuta ya kukaangia tempura yalinirukia. Mwaka juzi."

"Mwaka juzi," akarudia taratibu. Nikaelewa. Miaka miwili mume wangu alikuwa akila na sauti yangu, akitembea na koti langu, akilala ubavuni mwangu, na uso wangu hakuuona.

"Umezeeka, Mama," akasema.

Mwanamke mwingine angenuna. Mimi nilisimama pale dirishani machozi yakinichuruzika, nikishukuru kuambiwa nimezeeka. Nilimshukuru yule binti, nikaishukuru mashine iliyotengenezwa na watu nisiowajua, nikazishukuru hata ngazi za hekalu.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Lakini Seigo si mtu wa kuachia njiani. Alitoa mkobani kadi ya kumbukumbu ya kamera iliyokufa. "Nitilie hii humu," akamwambia Bi Shimodaira. "Nataka kuona picha zangu vizuri."

Binti alinitazama. Mimi nikatazama viatu. Angefanyaje? Akaitia.

Seigo alirudisha jicho kwenye kitundu, akafungua picha ya kwanza, akaikuza. Ya pili. Ya tatu. Aliendelea hivyo hadi nikapoteza hesabu.

"Huyu ni mtoto wa Kuwabara?" akauliza.

"Ndiye."

"Hana uso." Akafungua nyingine. "Wote hawana nyuso. Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Na wao?"

"Mtaa mzima, Baba."

Nilingoja hasira, maana ninamjua. Badala yake aliishusha kamera juu ya kitambaa kwa uangalifu, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Yale matufaha," akasema.

"Ndiyo."

"Masanduku mawili."

Akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia katikati kikawa kitu kingine, akajifuta kwa kiganja. "Nimewaharibia watoto wao, wakanilisha. Kila mtu ameinama mbele yangu akaniita bingwa, ili tu nisiumie." Akapumua. "Na wewe, usiyeweza kunyamaza dakika mbili, ukanyamaza miaka miwili."

"Niliiona kadi ya kliniki."

"Basi na wewe, asante."

Wanaume wa umri wake hawawaambii wake zao asante. Husogeza bakuli tupu, nawe unaelewa. Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo likielekezwa kwangu, na sikujua uso niuweke vipi. Nikamwambia binti afunge ile isiyo na kioo pamoja na betri mbili za akiba.

Kesho yake asubuhi Seigo alivaa tai, tukaenda wote kwa akina Kuwabara na mkate mtamu wa chestinati, kokwa za milimani kwetu. Mlangoni palepale akamwambia Mama Chiharu, "Macho yangu ni mabovu. Picha za mwaka jana zilikuwa mbovu. Mlinistahi, nami nawashukuru, nitawashukuru mpaka nife."

"Hata, mzee, zilikuwa nzuri sana," Mama Chiharu akasema, shingo imemwiva kwa haya.

"Mbovu."

"Tunazipenda kweli."

"Mama Chiharu," Seigo akasema, "nimepata kamera inayonionyesha. Ukinikubalia tena, nina ombi moja tu. Nitakuonyesha kila picha palepale hekaluni. Iliyo mbovu, sema mbovu."

"Hayo makubwa, mzee," akasema kwa sauti ndogo, akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeombwa avue nguo njiani. Hakukataa, lakini hakuahidi.

Siku ikafika, baridi na jua. Chiharu alikuwa amevaa kimono chekundu cha bibi yake, mkononi mfuko wa peremende ndefu wanazopewa watoto siku hiyo, na viatu vya mbao vilimfanya atembee kama bata. Seigo alipiga goti kwenye kokoto, akakuza, akazungusha pete, akangoja, akabonyeza. Hapakusikika kitu.

"Bado?" Chiharu akauliza.

"Nimeshapiga."

Akainuka akampelekea mama yake skrini. Nikasogea nami nikaona. Kila unywele ulikuwa mahali pake, nyuzi za dhahabu za mkanda ungeweza kuzihesabu. Niliuona mdomo wa Mama Chiharu ukijipanga kusema ametoka vizuri. Ukajipanga, ukasita. Akaukaza mkoba wake kwa mikono yote miwili.

"Mzee Seigo," akasema. "Samahani sana. Hii... amefumba macho."

Alipokwisha kusema alijiziba mdomo, kana kwamba amevunja bakuli la mtu. Seigo akavua kofia. Nimemwona akiinamia mabosi, makuhani, na baba yangu siku aliyokuja kuniposa, lakini sijapata kumwona ameinama chini namna ile.

"Asante, Mama Chiharu," akasema. "Asante sana." Akapiga goti tena kwenye kokoto. "Haya, Chiharu, fumbua macho. Tunaanza upya."