Kukalia Mikono

Tangu fundi cherehani aanze kwenda kwenye mafunzo ya kuwasaidia watu wenye ulemavu waamue mambo yao wenyewe, Bibi alikuwa hamwamini hata kwa salamu. Akiamkiwa shikamoo, aliitikia marahaba huku akimpima kutoka juu hadi chini.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mjukuu wake Kipusa, mwanamke mzima mwenye ulemavu wa akili, alitakiwa ahamie kwa shangazi yake aliyejifungua mapacha. Shangazi alidai Kipusa mwenyewe amekubali. Bibi aliguna tu. Kipusa hukubali kila kitu; ukimwuliza kama anataka mvua atasema ndiyo, ukimwuliza kama anataka jua, ndiyo vilevile. Basi wakakubaliana asikilizwe vizuri Jumamosi, na wa kumsaidia awe fundi, maana Kipusa hushinda kibandani kwa fundi huyo, ng'ambo ya barabara, akipanga vifungo kwa rangi.

Hapo ndipo shaka ya Bibi ilipozidi. Alikwisha kuwaona fundi na Shangazi wakinong'ona getini. Kisha fundi akaja kupiga picha chumba cha Kipusa. Wana lao hawa, alijiambia.

Alhamisi akaenda mwenyewe kwenye mafunzo, akaketi nyuma karibu na mlango. Fundi alimwona, akamletea mto wa kuegemea. Mgongo wa Bibi uliushukuru ule mto, lakini yeye alijiuliza kwa nini anahongwa.

Mwalimu, mwanamume wa kiti cha magurudumu na utani mwingi, aliwapanga wanafunzi wawiliwawili wajizoeze kuuliza bila kusukuma. Fundi akamwekea mwenzake picha mbili achague. Kidole cha fundi kikateleza kuelekea moja.

"Fundi," mwalimu akasema, "mteja hujampima, umeshamkatia kitambaa. Ikalie hiyo mikono."

Darasa zima likacheka. Fundi naye akacheka, akaisukuma mikono chini ya mapaja. Bibi hakucheka. Alikuwa amekiona kidole.

Jumamosi wakakutana sebuleni kwa Bibi. Fundi akaweka mezani picha ya chumba cha hapa na ya chumba cha kwa Shangazi, akauliza polepole Kipusa anataka kulala wapi, kisha akakalia mikono. Bibi akamkazia macho, asije akatikisa hata bega. Fundi hakutikisika.

Lakini Kipusa hakuziangalia picha. Aliangalia vidole vya Bibi, vilivyoshika pindo la gauni lake yeye Kipusa na kulivuta kidogokidogo.

"Bibi," fundi akasema kwa upole, "mikono."

Shangazi akacheka kichinichini.

"Na wewe, Shangazi. Hiyo simu yenye picha ya mapacha, igeuze."

Damu ilimpanda Bibi usoni. Kuamrishwa kwenye kochi lake mwenyewe. Lakini Kipusa alikuwa bado anamtazama, anangoja kuambiwa. Bibi akaliachia gauni, akakalia mikono.

Kipusa alipowaona watu wazima watatu wametulia kama kuku wanaoatamia, alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akazitazama picha, moja baada ya nyingine. Akaisukuma kando picha ya kwa Shangazi.

"Watoto wanalia. Nitakwenda kuwaona, nirudi." Akaweka kiganja juu ya ile nyingine. "Nalala hapa."

Bibi akashusha pumzi.

"Na kwa fundi nataka kwenda mwenyewe. Bibi asinishike mkono."

Kumbe. Bibi akamgeukia fundi. Fundi naye alikuwa ametoa macho, kama mtu aliyelisikia jambo hilo leo tu. Au anajua kuigiza. Bibi alitaka kusema hapana, barabara ile, na pikipiki zile. Mkono ukaanza kuchomoka. Akaukandamiza.

"Utavukia wapi, mama?" akauliza.

"Kwa muuza magazeti. Nasubiri pikipiki zipite. Zote."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Jumatatu angekaa dirishani akiwatazama wote wawili, Kipusa kwa huruma na fundi kwa jicho lilelile. Kwa sasa mikono ilikuwa imekufa ganzi, na hakuitoa.