Hatua ya Mikanda

Wazee wa Zadock walikuwa waje Jumamosi kutoka Ndera kumposa Sarah wangu, na Alhamisi moyo wangu ulikataa kutulia.

Zadock alitwambia alifanya kazi Mombasa miaka mitatu, akiangalia mashine katika ukumbi wa gemu karibu na stesheni. Ukumbi ule naujua. Kabla marehemu mume wangu hajatuleta Garsen, mimi ndiye niliyeufagia.

Jioni ile nilikuwa ofisi ya kanisa, maana ufunguo nakaa nao mimi. Zadock alikuwa akiwaonyesha wanakwaya ile kompyuta ndogo tuliyoachiwa na mwalimu mmoja, ya kuunganishwa na televisheni. Kaseti ililia kwi-kwi-kwi, kisha kwenye kioo mtu mdogo akaanza kupanda ngazi, mapipa yakimporomokea.

"Kufa basi, na sisi tucheze!" mwanakwaya Philemon akamwambia.

"Nife mimi? Mchezo huu nimeulea!"

Akamaliza hatua tatu, mchezo ukarudi mwanzo.

"Na ile hatua ya mikanda?" nikauliza.

"Mikanda gani, Mama?"

"Inayokwenda yenyewe. Mtu anakimbia, hafiki."

Akacheka. "Haipo, Mama. Hata mashine kubwa ya Mombasa ina hatua hizi hizi tatu."

Kule Mombasa mikanda ilikuwapo. Hapo ndipo watu walipoipiga mashine mateke kwa hasira. Ilikosekana kwenye hii ndogo tu. Basi huyu hakuwahi kusimama kule. Miaka mitatu alikuwa wapi? Jela? Au ana mke? Nikamwomba Mungu anizuie ulimi mpaka watu watoke.

Tulipobaki wawili nikamwambia ninachojua. Akainamisha kichwa.

"Nilikuwa boi, Mama, nyumba ya watu. Nafua, napika. Watoto wao walikuwa na kompyuta kama hii. Wakienda shule, nacheza."

"Ukanificha mimi niliyefagia?"

"Niliona haya."

"Kamwambie Sarah. Leo hii."

Tukaenda nyumbani. Akaingia jikoni kwa Sarah, mimi nikabaki nje. Nikamsikia akimweleza yote.

"Uongo mwingine uko wapi?" Sarah akauliza. "Toa wote."

"Ni huo tu."

"Basi waje. Lakini hayo ya kufua utayasema wewe, mbele yao, kabla hawajaniposa."

"Mbele ya baba?"

"Mbele ya baba yako."

Nikashika ukuta, nikaomba.

"Nitasema," Zadock akasema.