Abiria wa Mshirika

Karani yule hakuwa na gari, hakuwa na mke, hakuwa na shahada, wala cheo cha kumwambia mtu njoo au nenda. Alichokuwa nacho ni dada, aliyemlea tangu anatambaa, na kazi ya kaunta katika shirika dogo la ndege.

Shemeji yake alikuwa mahututi hospitalini, ng'ambo alikokwenda kutafuta riziki. Dada alipotaka kumfuata, karani alimshauri akate tiketi kwa shirika kubwa, mshirika wao, maana lilikuwa na bei nafuu.

"Usiwe na shaka, dada. Wakikwama wao, tunakubeba sisi," alijigamba.

Marubani wa shirika kubwa wakagoma. Mwanzoni shirika dogo liliwapokea abiria wao kwa tabasamu, kama mkataba ulivyotaka. Kisha mashirika shindani yakapandisha bei, na watu wakalipa bila kunung'unika. Mabosi wa shirika dogo wakaona, udenda ukawatoka. Amri ikaja: abiria wa mshirika wasipewe viti, viti viuzwe upya.

Dada alifika asubuhi na begi moja. Akasimama kwenye foleni kama wengine, hata zamu yake ikafika.

"Haya, mdogo wangu, nipe kiti."

Karani akatazama kompyuta. Viti vilikuwepo. Nyuma yake alisimama meneja wa zamu, mikono kifuani.

"Dada, tiketi hii si yetu."

"Si ulisema wakikwama wao mnanibeba nyinyi?"

Meneja akainama, akamnong'oneza kwamba kama anataka unga wake umwagike, basi aendelee kupiga soga. Karani akamrudishia dada tiketi.

"Anayefuata," akasema.

Dada hakulia. Alimkazia macho kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kumwona wapi, kisha akaokota begi lake. Kiti alikipata bwana mmoja aliyelalamika kwamba hakipo dirishani.

Shemeji alifariki kesho yake, akazikwa na wageni. Mgomo ukaisha. Marubani wakaongezewa mshahara, wakubwa wa mashirika mawili wakapiga picha wakipeana mikono, na karani akasifiwa kikaoni kwa utiifu wake.

Dada hapokei simu zake. Karani akibisha hodi, jirani hutoka kumwambia hayupo, ilhali redio inasikika ndani.

Ndipo akaketi kuandika. "Dada, viti vilikuwepo. Niliviona. Niliogopa." Samahani hakuiandika, kwa kuwa neno hilo huligawa kwa kila abiria kaunta, kutwa nzima. Akalamba gundi ya bahasha, akaifunga, akaenda kuitumbukiza katika sanduku la posta.