Impala Haikombolewi kwa Beberu

1. TANGAZO

INAUZWA. Chevrolet Impala ya mwaka 1962. Milango minne, usukani kushoto. Rangi ya samawati, paa jeupe. Injini ya asili, viti vipya vya ngozi. Imekarabatiwa hatua kwa hatua na mmiliki mwenyewe, Bw. Athumani Mbwego wa Korogwe, kwa mikono yake. Wababaishaji wasipige simu.


2.

Kwa mikono yake.

Nyamizi alikuwa anashona kiti cha basi alipolisoma kwenye simu. Sindano ilimchoma kidole gumba, asiisikie. Akalisoma tena tangu mwanzo, polepole, kama mtu anayetafuta jina la ndugu yake kwenye orodha ya waliokufa.

Hakuliona.


3. MAMBO AMBAYO MIKONO HIYO HAIKUYAFANYA
(Nyamizi aliyaandika nyuma ya karatasi ya vipimo.)

kuitoa Impala kwenye banda la kuku la shamba la mkonge, ikiwa mifupa mitupu

kunyoosha bampa kwa nyundo ya mbao, siku tisa, bampa moja

kushona viti (nilishona mimi)

kuchomelea sakafu. Sakafu yote. Kwa miwani iliyopasuka, maana tajiri alisema ataleta mingine kesho

kesho

kesho

kupofuka


4.

Msomaji, aliyepofuka ni Kasanda, baba yake Nyamizi, Mnyamwezi wa Nzega aliyehamia Korogwe kijana na nyundo yake. Miaka sita aliitengeneza Impala ya Mbwego. Mapatano yalikuwa ya mdomo, mbele ya chai: gari likipona, safari yake ya kwanza itakuwa Nzega, Kasanda akalione kaburi la mama yake, na jina lake litabaki limegongwa kwenye bati, chini ya boneti.

KASANDA. Herufi saba. Aliligonga mwenyewe, angali anaona.

Mbwego alilisaga kwa msasa wa umeme, kisha akapaka rangi juu yake.


5. GETINI, MWAKA JANA

— Shikamoo tajiri. Nimekuja na baba.

— Marahaba. Baba yako anaona?

— Haoni, lakini anataka kuishika tu. Dakika moja.

— Kipofu anashikashika gari jipya apate nini? Vidole vina jasho. Mlinzi, funga.

Geti lilifungwa. Kasanda alikuwa ameshanyoosha mkono. Ulibaki hapo hewani, umenyooka, mpaka Nyamizi alipoushusha.

Tangu siku hiyo


6.

(hakuimaliza sentensi hiyo kwa mtu yeyote.)


7. UJUMBE WA SIMU, KUTOKA KWA INJINIA BYABATO, MNUNUZI, DAR ES SALAAM

Mzee Mbwego, poleni kwa msiba wa mama. Nitafika kuhani, na tukijaaliwa niisikilize injini hapohapo. Kama nilivyosema, mimi sinunui bati, nanunua historia. Magari yangu yote nayajua nani aliyatengeneza. Hilo lako, la mtu aliyejitengenezea mwenyewe, ndilo lililonikosesha usingizi.


8.

Nyamizi alikwenda msibani na chupa ya mafuta ya breki chini ya khanga. Fundi yeyote anajua: yakimwagikia rangi, inababuka kama ngozi iliyounguzwa na uji.

Njia nzima alibishana na nafsi yake. Rangi ile aliipaka nani? Baba. Msasa, puti, msasa tena, mpaka bati likawa laini kama shavu la mtoto. Ili amchome Mbwego, ilimpasa aichubue kazi ya Kasanda.

Hata hivyo alikwenda nayo.

Impala ilikuwa uani, kando ya turubai la wafiwa, imeng'arishwa kuliko sanda. Mlango wazi. Injini inanguruma polepole, na mtu mwenye kofia ya pama ameinamisha sikio juu ya boneti. Injinia.


9. YALIYOSIKIKA CHINI YA TURUBAI

— Aah! Mnyamwezi huyo! alisema Mbwego. Mpagazi, umekuja kubeba mizigo?

— Nimekuja kuhakikisha bibi amekufa kweli. Nyinyi Wazigua kwa njaa mnaweza kumzika aliyelala, bora mle ubwabwa.

(Kicheko. Hata wafiwa.)

— Injinia, usishangae. Huyu mtani wangu. Babu zake walipita hapa na pembe vichwani, tukawapa mihogo.

— Mihogo michungu. Ndiyo maana tumerudi kudai tumbo.

— Mwacheni, mwacheni! Msiba bila mtani haujakolea. Haya mtani, chagua. Chukua chochote unachokiona humu uani!

Hapo.

Hapo ndipo Mbwego alipokosea.


10.

Kosa hilo asingelifanya mgeni. Mgeni asingejua kwamba Mzigua na Mnyamwezi wana haki msibani: mtani anaweza kuchukua sufuria, kuku, hata kitanda cha marehemu, na mwenye msiba hakasiriki. Akikasirika ameaibika yeye na ukoo wake. Kitu kinarudi kikikombolewa, na bei anaitaja mtani.

Mbwego aliyajua yote hayo tangu utotoni. Ila alikuwa na mnunuzi pembeni, akataka kuonekana mtu wa watu. Alidhani atachukua kuku.

Nyamizi aliiweka chupa chini, taratibu, kwenye mchanga. Akaingia. Akafunga mlango.

Akaweka gia.

Wanawake walipiga vigelegele mpaka sheikh akasimamisha kisomo.


11. KITABU CHA TAARIFA, KITUO KIDOGO CHA POLISI

Mlalamikaji anadai gari lake limeibwa. Alipoulizwa limeibwa na nani, alijibu: na mtani wangu. Alipoulizwa kama alimpa ruhusa, alijibu: nilimwambia achague. Alipoulizwa kama alitaja kwamba gari halimo katika vitu vya kuchagua, alijibu: nilidhani atachukua kuku. Mashahidi: msiba mzima. Uamuzi: mlalamikaji akalikomboe kwa taratibu za wazee. Mlalamikaji alitoa lugha kali. Alikumbushwa kwamba amefiwa.

Koplo wa zamu.


12.

Kwa siku tatu Impala ilikaa mbele ya chumba cha Kasanda, na kwa siku tatu Kasanda alikaa ndani ya Impala. Chai aliletewa humo. Alipitisha vidole kwenye dashibodi, kwenye mshono wa kiti, kwenye ukingo wa dirisha, akitikisa kichwa kama anayesoma barua.

— Hapa nilikuwa nimechoka, alisema. Na hapa. Hapa nilikuwa sijachoka bado.

— Twende Nzega, baba. Mafuta nimejaza.

— Tukiondoka kabla ya ukombozi, utani unakuwa wizi.

— Na yeye alichokufanyia kinaitwaje?

Kasanda alikuwa amefungua boneti. Kidole chake kilikuwa kinatafuta juu ya bati, kwenda na kurudi, mahali palipokuwa pamegongwa herufi saba.

Laini.

Kidole kikasimama.

— Haya, alisema, kwa sauti ambayo Nyamizi hakuwahi kuisikia. Aje akomboe.


13. SIKU YA KUMALIZA TANGA

Mbwego alikuja kwa miguu, na wazee wawili, na beberu mweupe, na doti mbili za khanga. Injinia alifuata nyuma. Mauzo yalikuwa yakisubiri. Majirani walitoka na vigoda vyao.

— Mtani, tumekuja kwa heshima.

— Karibuni. Beberu huyo mzuri, lakini Impala haikombolewi kwa beberu.

— Taja basi.

— Maneno. Mbele ya mgeni wako na wote hawa. Useme nani alilitengeneza gari hili, useme nani alimfungia geti. Baba akisema amesikia, ufunguo huu hapa.

Mbwego aliwageukia wazee. Mzee wa kwanza akatazama kanzu yake.

— Bei ya mtani ni bei ya mtani, alisema wa pili. Ulimwambia achague.

Mbwego alikohoa.

— Alisaidia... Kasanda alinisaidia kidogo kwenye

Ndani ya gari:

— Sijasikia.

— Gari alilitengeneza Kasanda!

— Geti gani? aliuliza Injinia. Alikuwa amevua kofia. Binti huyu amesema geti.

Jasho lilimtiririka Mbwego mpaka kwenye kola. Aliangalia beberu, kana kwamba beberu angemjibia.

— Alikuja na macho yamekufa. Yamekufa kwa kazi yangu. Akataka kuligusa. Nikamwambia mlinzi afunge. Na jina lake nikalisaga.

Mtoto mgongoni mwa mtu akapiga chafya.

Injinia akarudi hatua moja.

— Sijasikia, alisema Kasanda.

Msomaji, macho ya Kasanda yalikufa. Masikio yake humsikia kuku akitembea mchangani nyumba ya tatu. Nyamizi alijua hivyo. Wazee walijua. Mbwego, aliyekaa naye gereji miaka sita, alijua kuliko wote, lakini hasira yake mila ilimkataza kuitoa.

— Mwanangu, mtani anasemaje? aliuliza Kasanda.

Nyamizi alizungusha ufunguo kidoleni. Akamtazama Mbwego usoni, bila haraka, kama mtu mwenye siku nzima, na kesho, na kesho kutwa.

— Anasema tena, baba.