Irudi Kama Mwanzo

...kwa sababu mwanzo ni neno gani hasa, na ni mwanzo wa nani, Raiya alipoingia dukani hapa amekumbatia laptopu utadhani mtoto mwenye homa alisema tu, Kunal, nataka irudi kama mwanzo, na diski iliyokuja nayo ndani ya boksi akaitoa mwenyewe mkobani, akijiona mjanja kwamba ameitunza miaka yote hii kwenye kabati la vyombo, naye mwanzo wake ulikuwa wiki iliyopita, kabla stima hazijapotea na kurudi kwa kishindo, kabla skrini haijaingia weusi, picha zote zimelala salama mahali pake, kumbe mwanzo wa Kunal ni siku mashine ilipotoka kiwandani, tupu, haimjui mtu, na sasa kidole cha Kunal kimesimama juu ya kitufe, skrini imeandika maneno mekundu, na Kunal, Mungu ambariki kwa kutokuwa mtu wa papara, amemgeukia akamwambia, "Dada Raiya, hii diski ikianza kazi inafuta kila kitu. Niendelee?" na yeye yupo mbele ya kaunta ya vioo, anayasoma maneno yale kwa mara ya tatu, kwa sababu njia ya pili ameshaelezwa na ndiyo anayoikimbia, "Ukitaka nikuwekee windo mpya, programu ya kuiendesha, na vitu vyako vibaki, basi kwanza nitoe diski ya ndani, niiunge na mashine yangu, nihamishe vitu vyako, ndipo nianze upya. Lakini sikia inavyokwaruza. Picha zingine zitakuwa zimeharibika, lazima nizifungue moja moja nione zipi nzima," na Raiya alisikia neno moja tu katika yote hayo, nione, neno dogo namna hiyo, na Kunal analisema kama mtu anayesema nile au nilale, hajui ni picha gani... au anajua, nani Malindi asiyejua kwamba Raiya ni mpiga picha za sherehe za kupamba, anayeingia kule ndani ambako bi harusi ameketi juu ya jukwaa na wanawake wamevua mabuibui, nywele nje, mikono nje, wanacheza watakavyo kwa sababu hakuna mwanamume, na simu zote zimekusanywa mlangoni ndani ya ndoo, shangazi wawili wameikalia ndoo hiyo kama askari wa forodha, kamera ni moja tu, ya Raiya, na sifa ya Raiya ni kwamba akishahamisha picha kwenye laptopu huifuta kadi papo hapo mbele ya mama wa bi harusi, tazama mama, nimefuta, zimebaki mahali pamoja tu, amana haigawanywi, na akina mama wakampenda kwa hilo, wakamwita kutoka Watamu mpaka Mtwapa, ujanja wake wote ulikuwa huo, mahali pamoja tu, sasa mahali penyewe ndipo hapa, panakwaruza.

"Chaja ya pini nyembamba?" anauliza mtu mlangoni, na Bi Daksha, mama yake Kunal, anajibu kutoka kwenye kiti chake bila kuinua macho, "Imekwisha, baba, pitia keshokutwa," na mtu yule anasema kitu kuhusu keshokutwa, Raiya hakisikii, anasikia sauti ya Bi Mwanamina usiku ule wa harusi ya bintiye Safaa, alivyomshika kifundo cha mkono, "Mwanangu Raiya, hizi si zako wala si zangu, ni sitara za watu. Jicho la mwanamume lisizione," naye akajibu, "Labda niwe nimekufa, Bi Mwanamina," akajibu kwa kinywa kipana, kinywa hakina kodi, na kumbe aliyekufa ni mwingine, ni mama yake Bi Mwanamina, bibi yule aliyeletwa kutoka Kakuyuni amefungwa kanga mbili na kukalishwa kiti cha mbele, ambaye maishani mwake mote alipigwa picha ya kitambulisho tu, uso umekunjwa kama anayesomewa mashtaka, na ngoma ya chakacha ilipokolea aliutupa mtandio, akasimama, akacheza, kiuno kile cha uzee kikazunguka taratibu, nywele nyeupe zimesukwa mistari miwili, kinywa wazi, meno ya mbele hayapo, anacheka, na Raiya akapiga, akapiga, na wiki haikwisha bibi akafariki usingizini, innalillahi, na tangu matanga yaishe Bi Mwanamina anapiga simu, hagombi, angegomba ingekuwa afadhali, anasema tu, "Mwanangu, za harusi sina haraka nazo. Nipe ya mama peke yake," na Raiya anasema nazitia rangi, Bi Mwanamina, nazipanga, zimebaki kidogo, uongo juu ya uongo, na kule Mtwapa wamemwambia yuko msichana fundi, Kavata, akampigia, Kavata akasema kwa upole kwamba yeye ni wa simu tu, diski iliyokwaruza asingethubutu kuigusa, na Kunal amesema kila ikiwashwa inazidi kufa, ukichelewa, dada, zitajifuta zenyewe, hatutabishana tena.

Basi na aibonyeze. Si ndiyo rahisi kuliko yote, diski ya kiwandani inaingia, inafuta, hakuna jicho lililoona, hakuna nywele ya mtu iliyotoka nje, na jioni Raiya anakwenda kwa Bi Mwanamina amejifunika gubigubi, anainamisha kichwa, anasema mashine iliharibika, ilibidi nichague, nikachagua sitara ya mama yetu, na Bi Mwanamina atalia, bila shaka atalia, lakini atamshika mkono aseme umefanya vyema, mwanangu, Allah akulipe, na akina mama watasimuliana kwenye shughuli, Raiya yule, mcha Mungu, aliziua picha zisionwe na fundi... na hapo ndipo akajishtukia, kwa sababu alijisikia vizuri, wallahi alijisikia vizuri, amesimama kwenye duka la Kunal na tayari anapokea sifa, uongo wa kutia rangi umefutwa, ujinga wa kuweka mahali pamoja umefutwa, kila kitu kimefutwa na kidole kimoja cha mwanamume wa watu, na sitara iliyohifadhiwa ni ya nani, ya bibi? Bibi yule Raiya alipomshushia kamera kwa haya, alipoona nywele nyeupe zile, alisimama katikati ya ngoma akamkaripia, "Mbona waishusha? Wajukuu wanijue kwa uso wa kitambulisho?" na wanawake wakacheka mpaka mlio wa ngoma ukapotea, na Raiya alilisahau neno hilo, alilisahau kwa sababu halikumfaa, ila hata hilo nalo si ruhusa, bibi alijisemea nafsi yake, hakuwasemea akina mama wengine wote waliovua buibui nyuma yake, hapana, asilishike tena neno la maiti akajifichia humo, ametoka kujificha kwenye sitara sasa anataka kujificha kwenye kicheko, yote mawili si yake, wenye picha hawajaulizwa, Bi Mwanamina yuko kwake kando ya simu na hajui kwamba kuna la kuchagua, akisema futa, ifutwe, akisema fungua, ifunguliwe, na huenda akasema naja mwenyewe, nitaketi na huyo Bi Daksha, tuangalie sie wanawake na kijana ageukie ukutani, huenda, watu wa zamani wana akili, lakini ili aulizwe lazima kwanza aambiwe, mficha uchi hazai, wazee wanaisema hivyohivyo bila kuona haya, na macho ya Kunal hayamtishi tena Raiya, ni kijana tu anayetaka kujua aendelee au aache, kinachomtisha ni kile kimya kitakachokuja kwenye simu kabla Bi Mwanamina hajasema kitu.

"Dada Raiya?" anasema Kunal. "Niendelee?"

Na kidole kiko palepale, hakijabonyeza, maneno mekundu yako palepale, Bi Daksha anakunjua gazeti, na Raiya anaitoa simu mkobani, na neno lililomjaa kinywani si la Kunal, si ndiyo wala siyo, ni hili: Bi Mwanamina, nimekudanganya.