Nje ya Muda

Wakili Noela aliipokea kesi ya Mwigulu shingo upande. Mwigulu na Benjamini walitoka wote Kagongwa kwenda Geita kuchimba dhahabu, wakashirikiana duara moja, yaani shimo la kuchimbia. Siku moja waligombania mawe yenye dhahabu, na Benjamini akatolewa shimoni akiwa maiti, kichwa kimepasuka. Hakuna aliyeona. Ushahidi pekee ulikuwa maelezo ambayo Mwigulu aliyatoa polisi. Alikiri kila kitu, akabandika dole gumba.

Zamani wakili aliyekwama hapo Geita angepanda basi kwenda Mwanza kuwasumbua wakubwa wake. Noela alifungua simu. Kwenye grupu lao la WhatsApp walikuwamo mawakili wa nchi nzima, wengi wao hakuwahi kuwaona hata sura. Alieleza kesi bila kutaja majina, akauliza, "Wasomi, nishike wapi?"

Chai yake haijapoa, Donatus wa Mbeya akajibu: "Alikamatwa lini, akaandikwa maelezo lini? Sheria inawapa polisi muda wa saa nne tangu kumkamata mtu. Kama ulipita, hayo maelezo yapinge."

Noela akapekua jalada. Mwigulu alikamatwa alfajiri, akaandikwa maelezo jioni. Wakili wa Arusha akatuma hukumu za nyuma, na Paskalia wa Dodoma akazipanga hoja vizuri kuliko ambavyo Noela angeweza peke yake.

Siku ya hukumu jaji alikuwa Mwanza, Mwigulu gerezani, na Noela mahakamani Geita mbele ya skrini. Kwenye benchi la nyuma alikaa Dorah, mjane wa Benjamini. Sauti ilikuwa ikikatikakatika. Jaji akasoma haraka haraka: maelezo yanaondolewa, upande wa mashtaka haujabakiwa na kitu, mshtakiwa aachiwe huru. Skrini ikazimwa.

Noela akaandika kwenye grupu, "Tumeshinda." Pongezi zikamiminika. Alikuwa bado anatabasamu alipoguswa kiwiko.

"Samahani, wakili," alisema Dorah. "Sijaelewa. Amefungwa miaka mingapi?"

Noela akashusha simu. "Mama, hajafungwa. Ameachiwa."

"Kwa hiyo siye aliyemuua?"

"Mahakama imesema ushahidi hautoshi. Maelezo yake yaliandikwa nje ya muda."

"Nje ya muda." Dorah aliyarudia maneno hayo taratibu. "Lakini si alisema mwenyewe?"

"Alisema."

Noela akajitahidi kumweleza kwamba muda ule umewekwa ili watu wasishikiliwe na kupigwa mpaka wakiri wasiyoyatenda. Yalikuwa maneno ya kweli, na aliyaamini. Mbele ya mwanamke yule yalimtoka kama visingizio.

Dorah alisikiliza mpaka mwisho. "Wewe ulimuuliza kama alimuua?"

"Sikumuuliza."

"Atarudi Kagongwa," Dorah alisema. "Nyumba yao na yetu zimepakana. Wanangu watakuwa wanakutana naye asubuhi wakienda shule. Niwaambie wamwamkie?"

Dorah akajitanda khanga yake, akatoka.

Baadaye Noela alimfuata, bila kujua akimpata atamwambia nini. Mlinzi wa getini akamwonyesha njia ya stendi. Alipofika, gari la Kahama, la kwenda kwao Dorah, lilikuwa limeshaondoka.

Ofisini alianza kuwaandikia wenzake habari za Dorah. Aliandika mistari miwili, akaifuta. Hakujua alitaka wamjibu nini.

Ujumbe mwingine ukaingia, wa Marselino, wakili wa Tabora. Mteja wake alikuwa kijana aliyepigwa kituoni mpaka akakiri mauaji ya mtu ambaye hata hakumfahamu. Marselino aliomba hoja zile zilizoshinda Geita.

Noela aliusoma ujumbe huo mara mbili. Kisha akamtumia hoja zote, hakubakiza hata moja, akaweka simu kifudifudi mezani na kufunika uso kwa viganja.